Ziara ya Kitunduru

Kamati ya Bunge ya kusimamia huduma za umma ilikwenda kupanga mkakati wa mwaka katika hoteli ya ufukweni. Mwenyekiti, Mheshimiwa Lugakingira, aliongoza kikao miguu ikiwa ndani ya bwawa.

"Ziara zote zitakuwa kwenye miji yenye hoteli," alitangaza. "Vijijini tutapiga simu."

Mheshimiwa Mwanahija, mjumbe wa kamati, aliinuka. Zahanati ya Kitunduru, jimboni kwake, haikuwa na maji tangu bomba lipasuke. Alisogea pembeni kupiga simu mbili tatu, kisha akarudi akitabasamu.

"Sawa kabisa, Mwenyekiti. Hata Kitunduru usihangaike. Naibu Waziri wa Maji anakwenda leo na watu wa televisheni."

Mwenyekiti akachomoa miguu bwawani. "Televisheni? Dereva!"

Walifika Kitunduru, Mwenyekiti akiwa na ndala za hoteli na taulo shingoni. Kamera zilikuwepo, na akina mama wa kijiji pia, ila Naibu Waziri hakuwepo. Mara gari lake likaingia kwa kasi, akashuka akihema.

"Mheshimiwa, nimeambiwa umekuja kutangaza maji peke yako!"

"Mimi? Si nimeambiwa ni wewe?"

Wakageuka kumtazama Mwanahija. Alikuwa tayari ameshika maikrofoni.

"Akina mama, wakubwa hawa wamegombania kuja kwenu! Atakayewaletea maji mapema zaidi, mpigieni vigelegele."

"Mwezi ujao!" akawahi Naibu Waziri.

"Wiki ijayo!" akasema Mwenyekiti.

"Kesho!"

"Leo!" akanguruma Mwenyekiti, akatupa taulo na kuomba jembe.