Mize na Waziri Asiyekosea

Palikuwa na waziri aliyekataza programu yoyote isiandikwe kwa lugha ya kompyuta asiyoijua yeye. Jina lake Mundhir, Waziri wa Mitambo, na mji mzima ulimtegemea, maana maji ya mji yaliendeshwa na kompyuta moja kongwe iliyokaa katika jumba la Sultani. Hiyo ndiyo iliyofungua vali za mabomba na kuzifunga. Programu yake iliandikwa zamani, kwa lugha ya zamani, na ilikuwa na desturi yake: kila Ijumaa asubuhi lazima izimwe, ipumue kidogo, iwashwe tena. Isipozimwa inajifia yenyewe. Ngoma ya kuzima ikilia, watu wanakimbilia ndoo. Walikwishazoea, wengine walidhani ni sunna.

Basi Sultani akajenga hamamu mpya. Hatibu, mmoja wa waandishi wa programu, akaamriwa aongeze kipande cha kuendesha vali ya hamamu hiyo, kwa lugha ile ile ya zamani. Akakosea mahali pamoja. Aliirudishia kompyuta nafasi ya kumbukumbu aliyoiazima, kisha akaitumia tena. Ni kama mgeni aliyerudisha ufunguo wa gesti, halafu akarudi kujilaza kitanda kile kile, hali chumba kimeshapangishwa mtu mwingine. Vali zikachanganyikiwa. Sultani yuko katikati ya kuoga, povu limemjaa machoni, maji yakakatika. Kuja kurudi, yakaja yale ya kuoshea banda la farasi.

Hatibu akatiwa gerezani kwa kosa la uzembe.

Sasa Hatibu alikuwa na dada, Mize, fundi wa kompyuta za watu, anayefanyia kazi kibarazani kwao na kulipwa leo unga, kesho ahadi. Maskini wa kutupwa, lakini ana mdomo huyo, usimwone. Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Sultani.

"Maulana, naomba ndugu yangu afunguliwe. Na kile kipande cha hamamu nitakiandika upya mimi, kwa lugha mpya. Kosa kama lile lugha hiyo hailipitishi."

Waziri akacheka mpaka kilemba kikakaa upande.

"Lugha mpya itaingia humu," akasema, "ikishafanya kazi humu miaka ya kutosha."

"Na itafanyaje kazi humu bila kuingia?"

"Hilo si juu yangu."

Sultani siku ile hakuwa na shughuli, akapendezwa. "Jibizaneni hapa hapa. Mize akishinda, Hatibu anatoka na lugha inaingia. Akishindwa, anamfuata nduguye ndani."

Waziri akajiweka sawa. "Programu hii imewanywesha maji baba zenu. Leo wewe unataka kuibomoa."

"Sibomoi kitu, Bwana Waziri. Naomba kipande cha hamamu tu. Mengine yabaki kama yalivyo, pamoja na ngoma yake."

"Lugha mbili katika nyumba moja zitagombana."

"Bwana Waziri una wake watatu nyumba moja, na kila mmoja katoka na lugha ya kwao. Mbona chakula unakula?"

Makarani wakainamisha vichwa wasionekane wanacheka.

"Nimeijaribu hiyo lugha yako," Waziri akasema kwa hasira. "Ina jeuri. Nimeandika mistari miwili tu, ikakataa kazi, ikanigombeza. Mimi, Waziri."

"Ilikugombeza umekaa kitini, umevaa nguo zako. Hii yako haigombezi mtu. Inanyamaza, inamsubiri Maulana ajipake sabuni."

Sultani akafikicha jicho. Waziri kuona hivyo, akapandisha sauti. "Tatizo si lugha. Tatizo ni wazembe. Mtu makini hakosei kwa lugha yoyote ile. Hatibu kakosea, basi ni mzembe, basi akae ndani."

"Na wewe ni makini?"

"Kuliko wote."

"Na sehemu kubwa ya programu hii umeiandika wewe?"

"Kwa mkono wangu huu."

"Basi kazi imekwisha. Apa mbele ya Maulana kwamba katika yote uliyoandika halimo kosa kama la Hatibu, hata moja. Ukiapa, nakwenda gerezani sasa hivi kwa miguu yangu. Lakini likija kuonekana baadaye, nawe unakuja."

Waziri alijua vizuri kwa nini kompyuta ile inazimwa kila Ijumaa. Akamtazama Sultani. Sultani naye anamtazama yeye.

"Sikiliza, binti," akasema, na sauti imeshuka. "Mistari yote ile nani anaweza kuiapia? Mtu anachoka, anasahau. Mimi ni binadamu, si malaika."

Mize akamgeukia Sultani, akapiga goti.

"Maulana umesikia mwenyewe. Lugha ya zamani inataka malaika, na Waziri anasema yeye siye. Hii yangu imetengenezwa kwa ajili ya binadamu. Sasa binadamu mwenzake yuko gerezani. Ama atoke yule, ama aingie huyu."