Jembe Asilopewa Zimwi

Sogeeni mnisikilize, asiyetaka ngano akaoshe vyungu.

Zimwi Mbamba alizilinda nchi tatu. Aliwafukuza simba, akaamua na magomvi ya watu bila kuitwa. Lakini kwake mlimani hakuna aliyepiga hodi. Upweke ukamchosha, akashuka kutafuta pa kukaa. Desturi aliijua: mgeni siku mbili, ya tatu hupewa jembe, akawa mwenyeji.

Nchi ya kwanza wakamchinjia kuku siku tatu. Jembe hakuliona. Nchi ya pili wakamwimbia siku tatu. Jembe hakuliona. Nchi ya tatu, Bi Mwanatabu akamtandikia mkeka mpya siku tatu. "Kula, bwana mkubwa, ngao yetu!" Jembe hakuliona.

Akaaga, akaacha nyuma ya mlango kibuyu chake cha uchawi. Kila kilichosikiwa na kibuyu, naye alikisikia hukohuko njiani.

Akamsikia mkazamwana wa Bi Mwanatabu akisema, "Mama, si ungempa tu jembe? Alikuwa akilikodolea macho kama mtoto na chungu cha nyama."

"Thubutu! Akitufukuzia simba, namshukuru. Lakini yeye akishakaa, nani atamfukuza?"

Zimwi hakurudi kuchukua kibuyu. Alipanda mlimani kwake, akalima kwa kucha. Hadi leo shamba lake halina mwisho, wala hakuna apitaye kumwambia pole na kazi.

Ngano naitua hapa. Anayemhurumia, ampelekee jembe.