Mbawakawa wa Nyumba ya Hoza

Hapo zamani, enzi mawingu yalipokuwa bado yana adabu ya kupiga hodi kabla ya kuingia ndani, kulikuwa na kijiji kinaitwa Kwembawa, juu kabisa mlimani. Juu namna gani? Kuku wa kule akitaga, yai likimponyoka, linafika bondeni limeshakuwa jogoo na linawika. Wewe unayeguna hapo nyuma, ulikuwepo?

Sasa Kwembawa walikuwa na desturi yao. Nyumba ikifiwa, inanyamaza. Hakuna ngoma, hakuna kusuka nywele, hakuna kucheka kwa sauti. Wanaingia msituni, wanatoa buu la mbawakawa kwenye gogo lililooza, wanalilea mle mle ndani, kwenye chungu. Siku likiota mbawa, likaruka, likavuma, msiba umekwisha. Na yule aliyelilea ndiye atakayempa jina mtoto wa kwanza kuzaliwa nyumba ile. Mtoto atamwita mama, hata kama si yeye aliyemzaa.

Basi Hoza mpiga ngoma akafa kwa homa. Akaacha mke, Kilua, mwenye mimba changa. Akaacha mama yake, Mamkunde. Akaacha na dada yake, Mwanjaa, ambaye Mungu hakumjalia mtoto.

Mamkunde akaleta buu. Nono, jeupe, kichwa chekundu kama kaa la moto. Ukubwa wake? Kama paja la mtu! Haya, msinitolee macho, kama kidole gumba. Lakini gumba la mtu mzima sana.

Mwanjaa akalichungulia. "Hili likikaangwa na chumvi, tunashiba wote."

"Wifi, ukithubutu nakukaanga wewe," Kilua akasema.

"Mimi sina mafuta, wifi. Utaunguza sufuria bure."

Wakacheka puani tu, maana nyumba ilikuwa kimya.

Nani alililisha? Mamkunde. Kila alfajiri anapanda msituni, anatafuta gogo la mkuyu lililooza mpaka linafumuka kama mkate. Analisaga kwa viganja, ananyunyiza maji, anakamua ngumini. Likitoa tone, limelowa mno, anaanika. Likisambaratika, kavu mno, ananyunyiza tena. "Hoza nilimtafunia hivi hivi," anasema. Buu likawa linatafuna, kijiji kizima kinasikia, watu wanadhani jirani anapasua kuni.

Lakini baridi ikaja, bibi akaingiwa na tamaa. Akatia mavi ya ng'ombe mabichi, eti linenepe haraka. Weee! Mavi yakachemka, buu likapanda juu linahema, na utitiri ukalivaa kama limemwagiwa unga.

Nani aliliponya? Kilua. Akamwaga uchafu wote, akalipangusa utitiri kwa unyoya wa kuku, mmoja mmoja, taratibu. Akaliweka kwenye kibuyu chenye unga wa gogo safi, akakifunga tumboni ndani ya kanga. Ukungu ukiingia, yeye anasinzia na kibuyu chake. Buu linakwaruza huku, mtoto anapiga teke kule, kama majirani wawili wanaosalimiana ukutani. Na usingizini Hoza anakuja, mdogo kama punje, amekaa kibuyuni na ngoma yake. "Kilua, nipashe kidogo huku miguuni." Kilua anajikunja, anampasha.

Halafu mkwaruzo ukakoma.

"Limejijengea chumba," Mamkunde akasema. "Linageuka. Mkwe wangu, usiguse."

Kilua akajizuia. Lakini kila akifumba macho anamwona Hoza kwenye chumba cha udongo kisicho na mlango, anagonga ukuta kwa vidole, polepole, kama anapiga ngoma ya mbali. Adhuhuri moja akaamka kabla ndoto haijamtoka, akapitisha kidole kibuyuni ili amfungulie. Chumba kikabomoka. Ndani kuna kitu kimelala, si buu, si mbawakawa, rangi ya asali, miguu kimeikunja kama mtu anayeomba dua. Kikibaki hivyo, mbawa zitaota zimepinda, hakitaruka kamwe.

Nani alikiokoa? Mwanjaa, yule yule wa chumvi! Akakata kipande cha mgomba, akachonga shimo, akalilainisha kwa kidole gumba, akakilaza, akafunika kwa jani. Akakaa mbele yake. "Atakayesogea namng'ata." Hakuondoka. Alibana chafya pale, chafya ile ikaja kumtoka mwaka uliofuata.

Asubuhi moja jani likatikisika. Akatoka mbawakawa, mbawa nyeupe laini, hakuna aliyemgusa mpaka zikawa nyeusi zinang'aa. Na asubuhi hiyo hiyo Kilua akajifungua mtoto wa kiume. Mbawakawa akaruka, akavuma, mabonde yakajaa mvumo, watu wakatoka nje wakidhani Hoza kashika ngoma.

"Nimelilisha mimi," Mamkunde akasema. "Jina ni Hoza. Nataka niite Hoza pale mlangoni, na mtu aitike."

"Ulililisha, mama, ukaliunguza," Kilua akasema. "Mimi nimelipasha joto kwa mwili wangu. Nataka jina jipya. Nimeona mtu alivyofungiwa pasipo na mlango. Sitamfungia mwanangu ndani ya jina la marehemu."

"Na chumba nani alikibomoa, wifi?" Mwanjaa akasema. "Bila mikono hii tungezika mara ya pili. Mimi sina jina la kuleta, lolote litafaa. Nataka mtu mmoja tu duniani aniite mama."

"Wewe uliyetaka kulikaanga!" Mamkunde akamrukia.

"Nilitaka, mama. Nililikaanga?"

Mbawakawa akatua juu ya ngoma ya Hoza, pale ilipotundikwa, akaigonga tap. Mtoto akaacha kulia, akageuza kichwa, anasubiri aitwe.

Haya, nyie hodari wa kuguna: aliyelilisha, aliyelipasha joto, au aliyelichongea chumba? Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?