Kahawa ya Funda Moja

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana umeme ulikuwa umeshafika mlimani na ulikuwa umeshaanza kukatika, paliondokea mzee mmoja kwenye miteremko ya Kilimanjaro, jina lake Ndesario. Alikuwa na kihamba, shamba la ukoo la migomba na mibuni, na watoto watatu aliowasomesha kwa mibuni hiyo. Kahawa yake ilivuka bahari. Yeye mwenyewe alikunywa chai.

Msicheke. Kahawa ilikuwa ada, ilikuwa bati, ilikuwa jeneza. Nani anakunywa ada ya shule? Punje nzuri zilikwenda ushirika. Zilizotobolewa na wadudu zilibaki nyumbani, zikachemshwa siku za msiba, kwa sukari nyingi ili aibu isionekane.

Uzee ulipomfikia haukuja peke yake. Ulikuja na uvimbe kooni. Madaktari wakamchunguza, wakatazamana, wakasema, "Mrudisheni nyumbani, mpeni anachotaka." Sentensi hiyo kila mtu anaijua maana yake, na hakuna anayethubutu kuitafsiri.

Basi watoto wakamzunguka kitandani, wakamuuliza anachotaka.

"Nataka kunywa kahawa yangu," akasema Mzee. "Ile ya kikombe kidogo. Zamani mnunuzi mmoja wa kizungu aliinywa mbele yangu pale ushirika, kikombe kama cha kunyweshea mtoto dawa. Akapiga funda moja, akanishukuru. Nikamwitikia, karibu. Sikujua ananishukuru kwa lipi. Sasa koo langu nalo limebaki la funda moja. Tumelingana."

Akapumzika, akaendelea.

"Atakayeninywesha nitamtemea baraka kwa kahawa hiyo hiyo. Na huyo ndiye atakayekuwa na neno la mwisho juu ya kihamba hiki."

Kwa watu wale, baba akitaka kumbariki mtoto huchukua funda la mbege, pombe ya ndizi, akamnyunyizia kifuani. Hilo halikuwa jipya. Jipya lilikuwa kihamba. Kwa mila, kihamba cha nyumbani ni cha mtoto wa kiume wa mwisho. Wa kwanza hutafutiwa kwingine. Binti hupewa pole.

Watoto wenyewe walikuwa hawa. Wa kwanza, Elirehema, bosi wa shirika fulani Dar es Salaam, mtu asiyeweza kuingiza gari uani bila kupiga honi. Wa pili, Aikaeli, binti pekee, mhadhiri aliyesoma Italia akarudi na shahada mkononi na kiburi cha kahawa kichwani. Wa mwisho, Ndekirwa, wa kiume, aliyebaki nyumbani, akipogoa mibuni asubuhi na kumgeuza baba kitandani jioni.

Wakaweka kikao sebuleni. Familia ile ilikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa: kikao.

"Tununue mashine ya vitufe," akasema Elirehema. "Unabonyeza, inasaga yenyewe, inamimina yenyewe. Ofisini kwetu ipo. Hata mkurugenzi anaiweza."

"Hiyo ni ya watu wasio na shida na kahawa," akasema Aikaeli. "Tununue ile ambayo unasaga mwenyewe, unashindilia mwenyewe, unafungulia maji na kuyafunga mwenyewe. Mashine inachemsha na kusukuma tu. Ladha iko mkononi."

"Mkononi mwa nani?"

"Mwangu. Nani mwingine anajua?"

"Ahaa! Mimi nilidhani tunazungumzia kahawa, kumbe tunazungumzia kihamba."

"Na hicho kitufe chako, Kaka, kidole kingekuwa cha nani?"

Ndekirwa alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo za baba. "Mimi nina sufuria," akasema. "Na kahawa safi kidogo ipo ghalani. Naweza kumchemshia sasa hivi, anywe kabla hamjamaliza maneno yenu."

Wakubwa wale, waliokuwa hawajakubaliana hata neno moja tangu asubuhi, wakakubaliana.

"Sufuria!" akasema Elirehema.

"Ndekirwa, mdogo wangu," akasema Aikaeli, "Baba hajaomba kahawa ya msibani."

"Haya, Dada. Basi angalieni isije ikanyweka msibani." Akaenda kuanika nguo.

Aikaeli akashinda hoja ya aina. Ikabaki hoja ya ipi. Moshi mjini palikuwa na duka lenye mashine ndogo ya aina ile ile, kimo cha birika, na inapata moto haraka kama birika. Ingeweza kufika nyumbani jioni ile ile. Wakaenda kuitazama, Elirehema akaigeuzageuza kwa vidole viwili.

"Hii? Majirani watasema baba yetu anaumwa na sisi tumemletea kiberiti."

Aikaeli angeweza kumpinga. Hakumpinga. "Tena chujio lake ni la ujanja," akasema. "Linatoa povu la uongo. Baba hatakunywa uongo."

Wakaagiza kubwa kutoka ng'ambo, ya bati linalong'aa, yenye matangi mawili, moja la kahawa na moja la mvuke wa kupashia maziwa. Maziwa hakuna aliyeyaomba. Na kinu cha kusagia nacho kikaagizwa, kwa sababu Aikaeli alisema mashine bila kinu ni padri bila altare. Naye Ndekirwa, moyo ukiwa umemvimba kwa neno lile la msibani, akasema kahawa ya ghalani basi haifai, yeye ataleta ya msimu mpya, atachuma nyekundu tupu, ataianika kwa mkono wake, waone.

Mashine ikawa njiani. Koo likafunga. Mzee akaacha kiburu cha ndizi na maharage, akala mtori, ndizi za kupondwa kwa supu.

Mashine ikakwama bandarini. Koo likafunga. Mzee akaacha mtori, wakamchujia supu yake.

Kahawa ikaanikwa, mvua ikanyesha, ikaanikwa tena. Koo likafunga. Mzee akaacha supu, akanyweshwa maziwa kwa kijiko, na nusu ya kijiko ilirudi.

"Bado?" akawa anauliza.

"Bado kidogo, Baba."

Hatimaye ikafika, juu ya gari la Elirehema, honi ikilia tangu barabara kuu. Majirani wakatoka. Baba Mdogo Ndewasinde, mdogo wake Mzee, akaja na fimbo yake kushuhudia. Wanaume wanne wakaibeba, wakaiweka sebuleni juu ya meza ya chakula, na meza ikalia.

Asubuhi ile ile muuguzi wa zahanati akaja. Alimsikiliza Mzee kifuani, kisha akamvuta Aikaeli kando ya mlango. "Dada, kuanzia leo asinyweshwe kitu. Hata maji. Mlowanisheni midomo kwa pamba. Kikipita kitu, kitaingia mapafuni."

Aikaeli akasema, "Nimekusikia." Akaingia ndani akawasha mashine. Hakumwambia mtu.

Mashine ile ilipata moto kwa muda wa kufua na kuanika nguo za nyumba nzima. Kisha Aikaeli akasaga, akashindilia, akafungulia maji. Pampu ikanguruma. Chumbani Mzee akageuza uso kuelekea sauti. Kahawa ikatoka mbio, nyepesi. Aikaeli akaonja, akaimwaga.

"Hiyo ina ubaya gani?" akauliza Elirehema.

"Chachu."

Akasaga laini zaidi. Ikatoka tone kwa tone, nyeusi kama lami. Akaonja, akamwaga.

"Na hiyo?"

"Chungu."

"Chungu! Aikaeli, huyu mzee kanywa mwarobaini maisha yake yote."

"Atakunywa mara moja tu. Mara hiyo itakuwa sawa."

"Bado?" ikaja sauti kutoka chumbani, nyembamba.

"Bado kidogo, Baba."

Akamwaga nyingine, na nyingine. Ndekirwa, aliyechuma punje zile moja moja, alikuwa amekaa akilitazama beseni la kumwagia likijaa. Ndipo kikatoka kikombe kimoja kilichotulia, rangi ya asali ya nyuki wadogo, povu lake likiwa zito la kweli. Aikaeli hakukionja. Alijua kwa macho.

Akakipeleka chumbani, na wote wakamfuata. Alipokaribia kitanda, Baba Mdogo akaweka fimbo mlangoni.

"Onja kwanza."

Kwa watu wale mtu hampi mzee kinywaji bila kukionja mbele yake. Ni heshima, na ni kinga, maana kesho mzee akifa asitokee wa kusema alilishwa sumu. Mila hiyo ilitungwa kwa ajili ya kata kubwa ya mbege. Aliyeitunga hakuwa ameona kikombe cha kunyweshea mtoto dawa.

Aikaeli akaonja, akalowanisha mdomo tu.

"Na mimi," akasema Elirehema. "Mashine nimeileta mimi. Likitokea la kutokea nitaulizwa mimi." Akaonja, na yeye hakujua kuonja kidogo.

"Kahawa nimeikaanga mimi," akasema Ndekirwa. Akaonja. Ilikuwa nzuri kuliko alivyotegemea, akameza kabla hajajizuia.

Kikombe kikamrudia Aikaeli. Chini palikuwa na kiasi cha kijiko cha chai. Akageuka ili akatengeneze kingine, na hapo hapo umeme ukakatika. Taa nyekundu ya mashine ikafumba. Kwa upande ule wa mlima, umeme ukikatika mchana hurudi ukitaka.

"Lete," akasema Mzee.

Aikaeli akakumbuka neno la muuguzi. Akamwinua baba yake kwa mkono mmoja, akamwinamia, akamtilia kahawa mdomoni.

Mzee akaishika kinywani. Midomo ikajikunja, ikabana. Macho yakatoka. Mkono wake ukamkamata binti yake kwenye kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo hakuna aliyedhani bado anayo. Kisha kahawa ikatoka yote kwa kishindo, ikampata Aikaeli kifuani. Baada ya hapo alikohoa mpaka jua likazama, na hakusema neno tena. Alfajiri walimkuta ameshakwenda.

Walipomaliza kumzika, Baba Mdogo akaita kikao.

Ndekirwa akasema, "Mibuni nimeipogoa mimi, kahawa nimeichuma mimi. Baba nimemgeuza mimi, nimemfulia mimi. Mngeniachia sufuria yangu angekunywa akashiba na kubariki kwa sauti. Nipeni kihamba, na kesho naing'oa mibuni yote nipande maparachichi. Sitaki kuiona kahawa tena."

"Nani alikuzuia?" akauliza Elirehema. "Sisi tulikuwa mbali. Sufuria yako, jiko lako, baba chumba cha pili. Nani alikushika mkono?"

Hakuna aliyemshika. Alikuwa amesusa.

Elirehema akasema, "Mashine nimeileta mimi. Nimesotea bandarini kama mkimbizi. Bila mimi pasingekuwa na hata hilo tone. Nipeni kihamba, nitajenga nyumba za wageni wapanda mlima, na jina la baba litaandikwa getini."

"Mashine ilikuwepo Moshi, Kaka," akasema Ndekirwa. "Uliiona kiberiti."

Aikaeli akasema, "Mimi ndiye niliyejua ipi ichaguliwe. Mkono ulikuwa wangu. Kahawa ilianguka kifuani pangu. Nipeni mimi, na mibuni itabaki."

Katika ndugu zake hakuna aliyesikia alichoambiwa mlangoni. Lakini nyuma ya ukumbi, katikati ya wanawake wa matanga, alikuwa amekaa muuguzi wa zahanati, na alikuwa akimtazama.

Baba Mdogo akaomba gauni alilovaa Aikaeli siku ile. Aikaeli akalitoa kwenye mkoba, hakuwa amelifua. Baba Mdogo akalikunjua magotini. Doa lilikuwa la kahawia, pana kama kiganja.

"Kifuani," akasema. "Mahali penyewe. Mwanangu, mimi nilikuwa mlangoni, nikaona mgongo tu. Ndugu zako waliona mgongo wako. Wewe peke yako ulikuwa usoni pake. Baba yako alikutemea, au alipaliwa?"

Aikaeli alikuwa ameona vyote viwili. Aliona midomo ikijikunja kama ya mtu anayekusudia kubariki. Aliona macho ya mtu anayezama. Mkono ule kwenye kifundo chake, mpaka leo hajui ulikuwa ukivuta au ukisukuma. Akisema alitema, kihamba ni chake na mibuni inabaki, na muuguzi atasimama au hatasimama. Akisema alipaliwa, mila inamrudishia Ndekirwa kihamba, shoka linaingia kwenye mibuni, na swali la pili litakuwa nani alimnywesha mtu aliyekatazwa kunywa.

Ukumbi mzima ukamgeukia.

Mimi naishia mlangoni hapo. Msiniambie habari za mashine, nani asingenunua ipi. Wenye busara ya baada ya mazishi ni wengi. Aliyekuwa na sufuria akasusa, aliyekuwa na uwezo akaona haya, aliyekuwa na ujuzi akamwaga, na mmoja wao lazima aamke kesho akiwa na neno la mwisho juu ya kihamba kile. Haya, wasikilizaji, kahawa yenu isije ikapoa: je, nani alistahili?