Bi Pimbi na Mgongo wa Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, siku zile wanyama walipokuwa na meko na mikeka kama sisi, alikuwapo Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Kinyama kidogo cha majabalini, mkia hana, makucha ya kutisha hana. Huyu alikaa kwenye ufa wa jabali pamoja na mapacha wake wachanga, Tunu na Sudi, na hapo mlangoni pake akikaanga vitumbua vya kuuza.

Vitumbua hivyo! Unga ukigusa mafuta, chwaaa! Harufu ya iliki inashuka bondeni, wateja wanapanda mlimani. Tumbili analeta ndizi, Nungunungu analeta kuni, Kanga analeta mtama, na kila mmoja anaondoka na vitumbua vyake vya moto. Huku Bi Pimbi anageuza vitumbua kwa kijiti, huku ananyonyesha Tunu, huku mguu wake unamtikisa Sudi kwenye ungo. Kuchoka alichoka, lakini kuimba hakuacha.

Basi kikaingia kipupwe, baridi ya kugonganisha meno. Na unga wa vitumbua hauumuki bila joto. Bi Pimbi akautia kwenye kiriba, mfuko wa ngozi, akaufunga mgongoni apate kuupa joto. Watoto wakalia, "Nyeee! Nyeee!" Akaushusha, akawabeba watoto. Unga nao ukalala doro. Vitumbua vikatoka bapa.

Kanga akakigonga kimoja kwa mdomo wake, ko! ko!

"Shoga, hiki kitumbua au gome la mti?"

"Nivumilie, shoga yangu. Mgongo ninao mmoja tu."

"Mimi nitakuvumilia. Ila Tumbili nimemsikia anaulizia mihogo ya kuchoma kwa Nguruwe."

Bi Pimbi akacheka, lakini moyo ulimsinyaa. Wateja wakihama, watoto watakula nini? Na watoto wakiugua kwa baridi, vitumbua vya kazi gani?

Asubuhi iliyofuata, ndiyo kwanza amekoroga unga na kuumimina kiribani, akasikia sauti nzito mlangoni.

"Hodi, dada! Hodi!"

Alikuwa Fisi, kajipaka mafuta mpaka masikioni, anatabasamu.

"Karibu, kaka Fisi. Vitumbua bado."

"Aa, sikufuata vitumbua. Nimekuonea huruma, dada. Biashara na malezi ni fahali wawili, zizi moja hawakai. Nipe hao watoto niwalee, wewe upike kwa raha zako."

Bi Pimbi akamtazama. Mate yalikuwa yakimdondoka, tii! tii! Nyuma yake, kwenye kichaka, ncha ya mkia wenye madoa ilikuwa ikichezacheza. Ni Chui!

Alijua ndani ya ufa hawawezi kuingia. Lakini akikataa watakaa hapo hapo mlangoni. Yeye atatokaje, na mteja gani atasogea? Akafikiri upesi upesi.

"Kaka Fisi, Mungu kakuleta! Ngoja niwanyonyeshe kwanza."

Akaingia ndani kabisa, akawanyonyesha watoto mpaka wakalala fofofo, akawafunika majani makavu. Halafu akakifunga kiriba mdomo, akakiviringisha kwenye mbeleko vizuri, akatoka nacho.

"Hawa hapa. Inama."

Fisi akainama, akafungwa mzigo mgongoni.

"Mbona wepesi hivi?" akauliza.

"Wamekonda, kaka yangu. Baridi imewamaliza, mifupa mitupu. Lakini mgongo mpana wenye joto kama wako huwanenepesha kabla jua halijafika utosini. Ila usiwafunue. Baridi ikiwapiga, watanywea kama vijiti."

"Na mbona wananukia nazi?"

"Si nimewapaka mafuta baada ya kuwaogesha?"

Fisi akaenda taratibu nyuma ya jabali, penye jua. Chui akachomoka kichakani.

"Haya, fungua tule!"

"Ule mifupa? Ngoja wanenepe kwanza. Sogea uwakinge upepo."

Wakakaa. Baada ya kitambo Fisi akashtuka.

"Chui! Nawasikia wanavimba!"

Chui akapapasa. Kweli, mzigo umejaa! Ndani kukatoka sauti, bwululu! bwululu!

"Wanacheka," Fisi akasema. "Wanatupenda."

"Basi nipe na mimi niwabebe. Manyoya yangu yana joto kuliko yako."

"Thubutu! Wamenizoea mimi."

Wakavutana, wakabembeleza, wakapokezana. Mabaradhuli wawili, wenye meno kama misumari, wakaimba kwa sauti ya chini: "Lala mtoto, lala, mama kaenda bondeni." Mzigo ukazidi kutuna, ukawa kama tikiti maji.

Bi Pimbi alipoona jua limepanda, akaita kutoka mlangoni, "Kaka Fisi! Lete watoto wanyonye! Wakikosa ziwa saa hii watanywea, kazi yako yote imepotea!"

"Usimpe," Chui akanong'ona.

"Wanywee, wewe? Na wakinyonya watazidi! Mjinga huyu atanirudishia tu."

Fisi akaja mbio, akakabidhi mzigo kwa mikono miwili. Bi Pimbi akaupokea, akazama nao ndani. Fisi akarudi nyuma ya jabali kungoja na Chui. Halafu wakasikia, chwaaa! Chwaaa! Harufu ya iliki ikashuka bondeni. Tumbili akaja, Nungunungu akaja, Kanga akaja. Bi Pimbi akatokeza na sinia ya vitumbua vilivyotuna kama mashavu ya bwana harusi, na mgongoni Tunu na Sudi wanapiga miayo.

"Karibuni, wateja wangu! Leo mshukuruni kaka Fisi na kaka Chui. Wao ndio walionibebea unga mpaka ukaumuka!"

Kukawa na kicheko! Tumbili akaanguka chini akishika mbavu.

"Unga?" Chui akamgeukia Fisi polepole. "Nimeuimbia unga?"

"Chui, ndugu yangu, ngoja nikuele..."

Hakumaliza. Chui akaruka, Fisi akatimka, parapara! parapara! Wakateremka mlima, wakavuka bonde, vumbi likabaki nyuma yao. Na kwa jinsi Kanga alivyokuwa na mdomo, habari ya "Fisi yaya wa unga" ilifika kila pori. Mlimani pale hawakukanyaga tena; aibu ni mbwa mkali.

Walipokwisha kula, Kanga akamsogelea Bi Pimbi.

"Shoga, kumbe unga unataka joto tu? Mbona hukuniambia? Kuatamia si ndiyo kazi yangu?"

Tangu hapo, kila asubuhi ya baridi Kanga alikuja kukikalia kiriba huku akipiga soga, na Bi Pimbi akakaanga vitumbua na wanawe mgongoni, joto kwa joto.

Mwenye hila akija kukusaidia, mpe kazi, usimpe mwana.