Mzigo wa Mama Mwakio na Sauti ya Mlima

Hadithi inapiga hodi!
— Karibu, ipite!
Imetoka mbali, miguu imejaa vumbi!
— Ikae, tuisikie!

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna, tafuna polepole, nami nisikike.

Hapo zamani, watu walipokuwa wakiuvuka Mlima Shombe kwa miguu, palikuwa na wanawake wawili wa kijiji kimoja. Mmoja aliitwa Wakesho, mama yake Mwakio. Wa pili aliitwa Mghoi, mama yake Mshai. Mwakio alimwoa Mshai, wakahamia ng'ambo ya mlima kulima. Basi mama hawa wawili wakawa wakwe, na walipendana sana kila mmoja alipokuwa nyumbani kwake.

Siku moja mchuuzi wa tumbaku akatokea ng'ambo. Akasimama njiani, akapaza sauti: "Mshai amejifungua! Mama salama, mtoto salama!" Akaenda zake.

Sasa, kwa desturi ya watu wale, bibi atakayetangulia kumpakata mjukuu ndiye humpa jina.

Wakesho akapiga vigelegele. "Ataitwa Wakesho!"

Mghoi, upande wa pili wa ua, naye akapiga vigelegele. "Ataitwa Mghoi!"

"Mkwe, umesemaje?"

"Nimesema unavyosikia, mkwe."

Hawakuagana. Kila mmoja akaingia ndani kujitayarisha.

Jamani, Mlima Shombe si mlima wa kuchezea. Unapanda kutwa, unalala juu, unashuka kutwa. Nyumba hakuna. Duka hakuna. Kule juu ukungu hukufumba macho, mvua ya mawe hukuchapa, na baridi yake imeshaua watu wazima wenye nguvu zao. Kwa hiyo unachobeba si mchezo.

Wakesho alibeba nini? Afadhali mniulize aliacha nini. Alitia kapuni kinu na mchi. Akatia kigoda. Akatia sufuria ya shaba, ile kubwa ya harusini. Akatia sanduku la nguo. Akamfunga kuku miguu, akamtundika ubavuni. Kisha akakumbuka viazi vya kuchemsha, kibuyu cha maji, blanketi, panga, na kiberiti alichokitia ndani ya kikopo chenye kifuniko. Akavaa mshipi wa kapu kipajini, akasimama. Kapu likamrudisha chini. Akasimama tena. Likamrudisha. Mara ya tatu akasimama kweli.

Ilikuwa alfajiri. Mghoi akapita mlangoni pake akiwa na fimbo tu mkononi.

"Mkwe, unahama?"

"Nasafiri. Mzigo wako uko wapi?"

"Mzigo wa nini? Mimi nina miguu. Nitakunywa mtoni, nitakula nikifika." Akaondoka akiimba, fimbo ikigonga mawe, ko, ko, ko.

Mnaona? Mmoja amebeba nyumba, mwingine hakubeba hata kiazi. Na kila mmoja anamwona mwenzake mjinga.

Mghoi alipanda kama mbuzi. Jua lilipochomoza alikuwa ameshafika mbali. Akaketi juu ya jiwe, akatazama chini, akamwona Wakesho mdogo kama kobe, anajikokota. Akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu kicheko kikakatika.

"Lakini nikifika mikono mitupu, watu wa kule watasema nini? Bibi gani huyu, hana hata kuku?"

Akawaza. Akatazama tena chini, lile kapu lililofura. Akatabasamu. Akajificha nyuma ya jabali kubwa, akaziba pua, akangoja.

Wakesho alipofika akihema, jabali likaimba:

*Ewe mama unayepanda,*
*mbavu zangu wazikanda!*
*Tua kimoja, nenda!*

Wakesho akaganda. "Nani huyo?"

"Shombe!" likajibu jabali. "Mimi mlima wenyewe! Tua kimoja!"

Wakesho akashusha kapu. Moyo unamwenda mbio, lakini macho yanachagua. "Nitue nini? Sufuria? Hapana. Kinu?" Akakitazama kinu. "Njiani sina mahindi. Na kule kwa Mwakio vinu vipo." Akatua kinu na mchi wake. "Nisamehe, mlima. Sikujua una mbavu."

Akaenda. Na ajabu, shingo yake ikaanza kurudia urefu wake wa zamani.

Mghoi akatoka mbio. "Kinu cha mninga! Kinatupwa hivi hivi?" Akakibeba begani. Mchi akaufanya mkongojo, ile fimbo yake akaitupa bondeni. Akakata njia ya vichakani, akatangulia tena.

Penye mteremko wa kijito, kichaka kikaimba. Imbeni nami!

*Ewe mama unayepanda,*
*mbavu zangu wazikanda!*
*Tua kimoja, nenda!*

"Tena, mlima?" akasema Wakesho. "Nikitua viwili, utaninyamazia?"

Kichaka kikameza mate, kama mtu aliyeahidiwa nyama. "Naaam!" kikasema.

Wakesho akatazama kigoda. "Mawe ya kukalia yamejaa huku." Akakitua. Akatazama sufuria ya harusini. "Viazi vyangu vimeiva tayari. Nipike nini?" Akaitua nayo, akaipangusa kwa upindo wa nguo, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Mghoi akaja mbio, ila mbio zenyewe sasa zilikuwa za mtu aliyebeba kinu. Kigoda akakipachika kiwikoni. Sufuria akaivaa kichwani. Akapanda akihema, jasho likimwingia machoni, tumbo likiunguruma. Maji ya kijito aliyapita, kwa kuwa mikono ilijaa na hakuweza kuinama.

Ni yupi sasa mwepesi? Semeni. Eeh, hivyo hivyo.

Karibu na kilele, sauti ikaja mara ya tatu, lakini safari hii mlima wenyewe ulikuwa ukitweta:

*Ewe mama… unayepanda…*
*mbavu zangu… wazikanda…*
*Tua kimoja… nenda!*

Wakesho hakuogopa sana. Alikuwa amechoka kuogopa. Akamwaga kila kitu juu ya jiwe, akaanza kukihoji kimoja kimoja.

"Blanketi, nikikuacha itakuwaje? Nitakufa kwa baridi. Rudi kapuni. Kibuyu? Nitakufa kwa kiu. Rudi. Viazi? Nitakufa kwa njaa. Panga, kiberiti, ingieni, giza linakuja na kuni hazijikati." Kisha akalitazama sanduku la nguo. "Na wewe? Nikikuacha nitakuwaje?" Akafikiri. "Nitafika na gauni nililovaa jana." Akacheka peke yake mlimani. Akaliacha. Kuku naye akaachwa palepale, analalamika.

Basi Wakesho akapanda amenyooka kama msichana. Akatazama mbele, akaona ukungu unateremka. Hakungoja aambiwe. Akatafuta pango la jabali, akakata matawi kwa panga akaziba mlango nusu, akakusanya vijiti vikavu vya mle ndani, akafungua kikopo chake. Kiberiti kikavu! Moto ukawaka. Ilikuwa bado alasiri mvua ya mawe ilipoanza kushuka, pa-pa-pa-pa, naye amejifunika blanketi, anakula kiazi.

Mara akasikia sauti nje.

*E-e-ewe mama…*
*mba-mba-mbavu zangu…*
*Tua… tua blanketi…*

Wakesho akaacha kutafuna. "Mlima," akasema, "tangu lini wewe unaona baridi?"

Mlima ukapiga chafya. Na kuku akalia.

"Kuku wangu huyo!" Wakesho akatoka mbio.

Akamkuta Mghoi katikati ya mvua. Ameketi juu ya kigoda. Sufuria ya harusini iko kichwani, mawe ya mvua yanaipiga kama ngoma. Kinu kiko upande huu, sanduku upande huu, kuku amemkumbatia kifuani. Wakesho alitaka kucheka, mdomo ukafunguka, lakini kicheko hakikutoka. Midomo ya Mghoi ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Macho yalikuwa yanafumba.

"Mkwe! Inuka!"

"Niache nilale kidogo, mkwe. Nimepata joto sasa."

Wakesho akashtuka. Alishawahi kusikia hilo neno la joto. Wanaofia mlimani ndilo husema mwisho. Akamshika kwapani, akamburuta mpaka pangoni. Akamvua nguo zilizolowa, akamfunika blanketi, akaingia naye ndani yake, kifua kwa mgongo, akimsugua mikono huku akimtukana.

"Mwizi wewe! Usilale! Mlima wa uongo wewe! Fumbua macho! Ukifa leo, mwanao nitamwambia nini? Kwamba mama yake amekufa amevaa sufuria?"

Akazidi kumsugua, na sasa alikuwa analia. Akaupuliza moto. Akampasha maji ya kibuyu kwenye kile kikopo cha kiberiti, akamnywesha kidogo kidogo.

Baada ya muda mrefu Mghoi akakohoa. "Mkwe," akasema, "una viazi?"

Wakesho akampa kiazi, kisha akampiga kofi la bega. "Hebu niambie. Wewe ulitoka nyumbani na nini?"

"Fimbo."

"Iko wapi?"

"Niliitupa nishike mchi."

Wakatazamana. Wakacheka mpaka kuku akaogopa. Nguo za sandukuni zilikuwa zimelowa chapa. Kinu kilikuwa kimejaa mvua ya mawe. Mghoi akafuta machozi. "Nimekosa, mkwe. Jina ni lako. Umpakate wewe kwanza. Umenirudishia roho yangu."

"Nimekusamehe," akasema Wakesho, naye alimaanisha. "Lala sasa. Hapa karibu na moto."

Asubuhi mbingu zilikuwa nyeupe. Mghoi akakishika kinu kwa mikono miwili.

"Kiache," akasema Wakesho.

"Cha mninga, mkwe!"

"Kiache! Atakayepita na mahindi atatwanga."

Wakateremka, mmoja na blanketi, mwingine na kuku, wanabadilishana kibuyu, wanasimuliana habari za watoto wao walipokuwa wadogo. Walishuka kutwa kama ndugu wa tumbo moja.

Mpaka walipouona moshi wa nyumba ya Mwakio.

Mghoi akapunguza maneno. Akapandisha gauni kidogo. Akapandisha tena. Mara huyooo!

"Mkwe! Si ulisema jina ni langu?"

"Nilikuwa mgonjwa!"

Wakesho akatupa blanketi, akatimka. Wanawake wazima, magauni magotini, kuku anapiga mabawa, mbwa wanabweka, watu wanatoka nje kutazama. Mlangoni wakafika pamoja, wakaingia pamoja, wakakwama pamoja.

"Mama! Mama mkwe!" akasema Mshai kutoka kitandani. "Kuna nini? Mnafukuzwa?"

Wakesho akachomoa bega, akaruka, akampakata mtoto. "Nimetangulia! Wote mmeona! Anaitwa Wakesho!"

Mwakio akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama Mwakio.

"Mama," akasema Mwakio taratibu, "huyu ni mwanamume."

Je, nyinyi mlioketi hapa, kuna aliyeuliza? Hata mmoja? Na wao hawakuuliza.

Wakesho akafunua kitambaa, akachungulia, akafunika. Akaketi chini. Mghoi akaketi kando yake.

"Basi mpe jina, mkwe," Mghoi akamnong'oneza. "Umetangulia, ni haki yako."

"Jina la mwanamume sikulifikiria kabisa."

"Mpe la mume wako."

"Kirigha? Aliyebaki amelala? Hakubeba hata kijiti!"

Lakini jina jingine halikuja. Mtoto akaitwa Kirigha. Na mchuuzi wa tumbaku alipopeleka habari kijijini, Mzee Kirigha alisikiliza mpaka mwisho, akajinyoosha kitandani, akapiga mwayo mrefu.

"Ilikuwa safari ngumu," akasema, "lakini nimefika."

Hadithi imetua kapu!
— Tumelipokea!
Yenye maana tieni kibindoni, ya kuchekesha acheni hapa hapa motoni. Mimi nimeshafika kwangu. Nanyi shikeni njia zenu, mlale salama.