Nani Amshike Mtoto wa Wakesho

Hapo zamani, kabla barabara ya magari haijapanda milima ya Taita, palikuwa na kanisa dogo la mawe katika kijiji cha Irindi. Nyuma ya kanisa njia ilipanda hadi kwenye pango, na mbele ya pango mlima ulikatika ghafla, jabali tupu mpaka chini nyikani. Ndani ya pango yalipangwa mafuvu ya wazee wa kale, kama ilivyokuwa desturi ya kwetu kabla ya wamisheni kuja. Wakristo wa Irindi hawakuipita njia ile, na walipoikaribia waligeuza macho.

Nawatajia watu watatu wa kijiji hicho.

Wa kwanza ni Mwadime, mzee wa kanisa. Nguo zake zilikuwa nyeupe, sauti yake nzito, na sala zake ndefu hata watoto wakasinzia. Watu walisema, huyo ana imani.

Wa pili ni Wawuda, mjane. Kila Alhamisi alipanda pangoni na ufagio na kitu fulani alichokifunga ndani ya leso. Watu walisema, huyo anaabudu mafuvu. Akanyimwa Meza ya Bwana, na kwa aibu akawa haingii tena kanisani. Alikaa nje, juu ya jiwe chini ya dirisha, akasikiliza ibada kutoka hapo.

Wa tatu ni Mwanjala, mpika pombe ya miwa. Alikuja kila Jumapili akinuka, akakaa benchi la mwisho, akainamisha kichwa kama aliyelala. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema Amina. Watu walisema, huyo anafuata kivuli tu.

Sasa, Jumapili moja ya mwezi wa Julai ukungu ulishuka katikati ya ibada. Ukungu si kitu kigeni kwetu, lakini huu haukuja na baridi. Ulikuja vuguvugu, kama pumzi ya mtu. Ukasimama madirishani, ndege wakanyamaza, na humo ndani watu wakaacha kuonana vizuri. Kisha sauti ikaita kutoka nje.

"Wakesho."

Wakesho alikuwa mwanamke kijana, mwenye mimba ya miezi minane. Mumewe, Mghanga, alikuwa amekufa miezi mitatu nyuma katika shamba la mkonge kule bondeni, na watu wale wale waliokuwa kanisani ndio waliomzika. Sauti iliyoita ilikuwa ya Mghanga. Kila mtu aliitambua, pamoja na kile kikohozi chake kidogo kabla ya neno.

"Wakesho, toka. Nimechoka kungoja."

Wakesho akasimama. Alisimulia baadaye kwamba hakuhisi hofu hata kidogo, alihisi kwamba amechelewa. Akatembea hadi mlangoni, akafungua, akatoka, na weupe ukamfunika. Wanaume wakaruka, wakaufunga mlango, wakatia komeo.

Mwanjala alikuwa benchi la mwisho, karibu na mlango. Akainuka bila kumwambia mtu neno, akalitoa komeo, akatoka kwa kuyumba. Watu wakanong'ona kwamba pombe inampeleka kufa. Wakataka kuufunga mlango tena, lakini Mwadime alikuwa amekwisha kufika. Akausukuma wazi kabisa, akasimama kizingitini, akaanza kuimba.

Hakwenda mbele hata hatua moja. Aliimba wimbo mmoja, akaumaliza, akaurudia. Ukungu ukamwita na yeye, kwa jina alilokuwa akiitwa na mama yake utotoni, jina ambalo mle ndani hakuna aliyelijua. Mwadime akakamata mwimo wa mlango, akaimba. Midomo ikapasuka, akaimba.

Huko nje Wawuda alimwona Wakesho akipita karibu na jiwe lake, macho wazi, miguu haina haraka. Akamshika leso aliyojifunga kiunoni. Wakesho hakusimama. Wawuda akavutwa naye, wakapanda njia ile isiyopitwa, na kila walipopanda ndipo sauti ilipozidi kuwa karibu. Walipofika kwenye pango zilikuwa zimebaki hatua kumi tu kufika ukingoni. Wawuda akajitupa na uzito wake wote, akamwangusha Wakesho ndani ya pango.

Humo, alisema Wakesho, akili ilimrudia kidogo. Aliona mafuvu yamefagiwa vumbi, yamekaa safu kwa safu. Aliona pia karibu na ukuta lundo dogo la mawe, urefu wa mtoto mchanga. Mwana wa Wawuda alikufa kabla ya kubatizwa, na wazee wa kanisa walikataa azikwe uani mwa kanisa. Leso ya Wawuda, aliyoibeba hata siku za ibada, ilipofunguka kikaanguka kitabu cha Zaburi, kurasa zimevimba kwa unyevu.

Sauti ya Mghanga ikafika mlangoni mwa pango, ikasimama. Haikuingia wala haikuondoka.

Wawuda akageukia mafuvu, akawaambia wazee wale kwamba huyu ni mjukuu wao, wamfiche. Kisha akageukia ukungu, akasali Baba Yetu. Akamaliza, akawageukia wazee tena. Hivyo kwa muda mrefu, huku mikono yake ikichoka kumshikilia Wakesho.

Ndipo Mwanjala akaingia, akitambaa kwa magoti na viganja, kwa maana hakuona njia. Akaketi akihema. Sauti ikaita tena, na Wakesho akaanza kuinuka, na Wawuda akashindwa kumzuia.

Mwanjala akamtazama mjane. "Mama, mimi sijui kusali," akasema. "Nilikuwa nakuja pale nisikie wengine wakisali."

Akatoka hadi mlangoni mwa pango, akaita ndani ya weupe, "Wakesho ni mimi. Twende."

Wanawake wale wawili wakasikia nyayo za watu wawili zikiondoka.

Mara miguu ya Wakesho ikawa yake. Lakini njia haikuonekana, na ukingo ulikuwa pale pale. Wakatega sikio, wakasikia kutoka mbali chini sauti ya Mwadime, imekwaruza, bado inaimba. Wakaifuata hatua kwa hatua, hadi wakagusa ukuta wa kanisa.

Siku ya tatu ukungu uliondoka. Mwanjala alionekana ameketi ukingoni mwa jabali, miguu inaning'inia hewani. Alikuwa mzima. Alipofumbua kinywa hakikutoka kitu, na tangu siku hiyo hakusema tena.

Wakesho akajifungua salama mtoto wa kike. Mwezi wa Septemba kasisi akapanda kutoka misheni kubatiza. Akaeleza kwamba mtoto hawezi kusema, basi anatakiwa mtu mmoja wa kumshika na kusema Naamini kwa niaba yake, na mtu huyo awe wa imani. Wakesho akasema hamtaki mtu mwingine ila mmoja wa wale watatu waliomwokoa. Kasisi akawaita mbele, mmoja mmoja.

Jamaa za mume walimtaka Mwadime, wakisema bila sauti yake wanawake wale wawili wangetembea moja kwa moja hadi ukingoni. Mwadime akaomba kusema. Kwa mara ya kwanza maneno yake yalikuwa machache, akayaelekeza kwa kasisi.

"Baba, ni miaka kumi na mmoja nasali bila kusikia mtu yeyote upande wa pili. Siku ile pia sikusikia. Niliimba kwa sababu nilijua wao watanisikia. Nikisema Naamini, sijui kama nasema kweli."

Mama yake Wakesho alimtaka Wawuda. Kasisi akamwuliza Wawuda siku ile alimwomba nani, Mungu au mafuvu.

"Baba, niliomba kila aliyeweza kusikia," akasema Wawuda. "Mtoto wa watu alikuwa anavutwa kutoka mikononi mwangu."

Vijana walimtaka Mwanjala. Wengine wakajibu kwamba alikuwa amelewa, na mlevi hajui anachotoa. Kasisi akamwuliza kama anaamini. Mwanjala akafumbua kinywa. Nje jua lilikuwa kali, watu wanatoka jasho, lakini pumzi yake ilitoka nyeupe, ikakaa hewani mbele ya uso wake, haikuondoka upesi. Neno halikutoka.

Zamani ilikuwa rahisi pale Irindi. Kila mtu alijua nani ana imani na nani hana, akajua kwa kutazama tu. Sasa walitazama, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Maji yapo kwenye beseni. Kitabu kiko wazi mikononi mwa kasisi. Wakesho amesimama na binti yake mikononi, na mbele yake wapo watatu: aliyeimba bila kusikia jibu, aliyeomba kotekote, na aliyekwenda bila kusali.

Nanyi mliokaa hapa mkanisikiliza hadi mwisho, mwambieni mama huyu. Je, amkabidhi nani mtoto?